Je, kufungua tu faili la RAR kunaweza kuleta virusi?

SWALI: Assalaam aleikum, Maalim. Nina saiba ndogo Langoni, Amu (Lamu). Juzi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela aliniletea flashi yenye faili alilopokea kwa imeli. Imeli imeandikwa Kitaliano kilichochanganywa na Kiingereza kibovu, inasema ni orodha ya wageni wa Agosti kutoka kwa wakala wa Malindi. Faili linaitwa Prenotazione_Agosto.rar, ukubwa ni kama MB 1.1, na paswadi yake imeandikwa mumo humo kwenye imeli: 2025. Yeye hakulifungua, au ndivyo anavyosema. Mimi najifunza uchambuzi wa virusi na nataka nione lina nini kabla sijamwambia alifute. Kulifungua tu, bila kubofya kilichomo, kuna hatari? Na kama ipo, nilifungue vipi nisije nikaiunguza saiba nzima?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Ndiyo, hatari ipo hata kabla hujabofya kitu. Ni ndogo kuliko ile ya kubofya, lakini ipo, na imeshawapata watu wenye akili zao. Umefanya vyema kuuliza, na huyo mama amefanya vyema zaidi kukuletea wewe.

Kinachotuchanganya ni hili neno "kufungua". Tunalisema kana kwamba RAR, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, ni kikapu: unainua kawa, unachungulia, ukiona nyoka unarudisha kawa. Lakini ndani ya kifurushi hakuna mafaili yaliyolala yakikungoja. Kuna data iliyobanwa, na pamoja nayo kuna maagizo: chukua baiti hizi, zikunjue kwa njia hii, ziandike kwenye faili lenye jina hili, uliweke folda hii, likiisha ukubwa wake utakuwa huu. Programu yako, iwe WinRAR au 7-Zip, inasoma maagizo na kuyatii. Na aliyeyaandika ni nani? Yule yule aliyetuma imeli. Jina kalichagua yeye, folda kaichagua yeye, ukubwa kauandika yeye. Basi kila unachokiona kwenye orodha ya kifurushi kihesabu kuwa ni dai la mtu usiyemjua, na ulisome dai kabla programu yako haijalitekeleza.

Chukua dai la folda kwanza, maana ndilo lenye historia ndefu. Jina la faili ndani ya kifurushi linaweza kuanza na ../../../ halafu ndipo lije jina lenyewe. Zile nukta mbili na mkwaju maana yake ni "rudi folda moja nyuma". Ukizirundika za kutosha, faili linatoka nje ya folda uliyoichagua na kwenda kutua kwingine kabisa. Kwenye Windows panapopendwa ni folda ya Startup, ambayo kila kilichomo huendeshwa mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Yaani leo umefungua kifurushi, ukaona PDF ya kweli ya wageni, ukafunga, ukaenda kuswali. Kesho asubuhi unawasha kompyuta na kirusi kinajiamsha chenyewe, na wewe utaapa hukubofya kitu, na utakuwa unasema kweli.

Februari 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kwamba WinRAR ilikuwa imekaa na tundu la namna hiyo kwa takriban miaka 19, kwenye kipande cha zamani cha kusomea vifurushi vya aina ya ACE. Wenye WinRAR hawakuwa na msimbo wa kipande kile wa kuurekebisha, wakaamua kukiondoa kabisa. Utasema hayo ya kale. Haya, Julai 2025 walilazimika kutoa toleo la 7.13 kwa sababu ya tundu jingine la kupenyeza njia za folda, na ESET, kampuni ya antivairasi iliyolifichua, walilikuta tayari linatumika kwenye imeli zilizojifanya maombi ya kazi. Maombi ya kazi, orodha ya wageni: mshono ni mmoja.

Na WinRAR haijisasishi yenyewe. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye kompyuta zako za saiba uangalie namba ya toleo. Nimeingia saiba nyingi Malindi na Mombasa nikakuta toleo la 5 linaomba kulipiwa kwa sababu siku 40 za majaribio zimekwisha tangu enzi hizo, na kila mteja anabofya kuuondoa ule ujumbe bila hata kuutazama. Kama yako iko chini ya 7.13, pakua mpya leo. Hilo halihusiani na uchambuzi wowote, ni usafi tu wa duka.

Wanaoandika programu nao si salama na jambo hili. Lugha ya Python ina kipande cha kufungulia vifurushi vya tar ambacho kilionywa kuhusu nukta mbili tangu mwaka 2007, na ulinzi wa kuridhisha ukaja katika toleo la 3.12, tena hata hapo mpaka mwenyewe uuombe. Tar ina balaa la ziada: inaweza kubeba kiungo kinachoelekeza folda nyingine, halafu faili linalofuata likapita humo kwa humo. Ukiandika skripti yako (faili la amri) ya kufungulia, usidhani waliokutangulia wameshakufikiria.

Dai la jina ndilo ninalopenda kumweleza mtu wa Amu. Wewe umepita chuo cha Qur'ani; ukurasa unaoanzia kulia haukusumbui. Kompyuta ilibidi ifundishwe jambo hilo, na katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, mna herufi zisizoonekana ambazo kazi yake ni kuiambia igeuze mwelekeo. Mojawapo, yenye namba U+202E, inasema: kuanzia hapa andika kutoka kulia kwenda kushoto, upende usipende. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaochanganya khati zetu na za Kizungu katika mstari mmoja, na waovu wakaiazima. Mtu anaandika Lista_ halafu ile herufi isiyoonekana, halafu fdp.exe. Skrini inakigeuza kile kipande cha mwisho na wewe unaona Lista_exe.pdf. Jicho linatua kwenye "pdf" na kuridhika. Kompyuta haisomi kwa jicho. Kwake jina linaishia na exe, na italiendesha kama programu.

Namna ya kulinasa ni rahisi ukiwa kwenye Linux, mfumo wa kompyuta ulio mbadala wa Windows. Orodhesha mafaili kwa amri hii:

ls | cat -v

Herufi isiyoonekana inalazimika kujitokeza, na katikati ya jina utaona takataka kama M-bM-^@M-. iliyokaa pale bila sababu. Jina la kweli la orodha ya wageni halina kitu kama hicho. (Jina lenye herufi za Kiarabu au lenye alama za Kitaliano juu ya vokali litatoa takataka zake pia, kwa hiyo usipige kelele kwa kila M- unayoiona. Tafuta hiyo hasa.)

Kuna hila nyingine za jina ambazo hazihitaji Unicode. Faili linaitwa Lista.pdf, zinafuata nafasi tupu arobaini, halafu .scr mwishoni, mbali na upana wa dirisha. Faili la .scr ni programu kama .exe, lilitengenezwa kwa ajili ya picha za kulinda skrini. Faili la .lnk, yaani njia ya mkato, ni baya zaidi, kwa sababu Windows haionyeshi kiishio chake hata ukiwa umeiambia ionyeshe viishio vyote. Linavaa sura ya PDF, na ndani yake mna amri ndefu ya kwenda kupakua kirusi.

Na kuna kisa cha 2023 ambacho ndicho hasa kinajibu swali lako. Ndani ya kifurushi kulikuwa na picha, na pembeni yake folda yenye jina lile lile la picha, pamoja na nafasi tupu mwishoni. Ukiwa ndani ya dirisha la WinRAR ukabofya picha, WinRAR ilichanganyikiwa, ikatoa na kile kilichokuwa ndani ya folda, na kilichoendeshwa kilikuwa skripti. Picha ilikuwa picha ya kweli. Waliokuwa wakitegwa tangu Aprili ya mwaka ule ni watu wa biashara ya hisa na fedha za mtandaoni, na tundu likazibwa Agosti katika toleo la 6.23. Kwa hiyo ile kanuni ya "mimi nabofya picha na PDF tu" haina nguvu ukiwa bado umo ndani ya dirisha la kifurushi.

Sasa dai la ukubwa. Huenda umesikia habari za 42.zip: faili la KB 42 ambalo ukilifungua lote, tabaka kwa tabaka, linafika petabaiti 4.5. Hakuna diski Lamu nzima ya kulipokea. Lakini angalia lilivyojengwa: ni zipu ndani ya zipu ndani ya zipu. Sababu yake ni kwamba njia ya kawaida ya kubana zipu, iitwayo Deflate, haiwezi kupita takriban 1,032 kwa moja. MB moja haiwezi kukupa zaidi ya kama GB moja kwa tabaka moja. Ndiyo maana wakatia matabaka. Kisha mwaka 2019 mtafiti David Fifield akaonyesha kwamba hata matabaka si lazima: akayafanya mafaili mengi ya kifurushi kimoja yote yasome kutoka data ile ile, na MB 10 zikazaa terabaiti 281 kwa mfunguo mmoja. Kwa hiyo usitegemee kwamba kutofungua zipu za ndani kumekuokoa.

Hata hivyo mabomu ya namna hiyo huyaoni mara nyingi kwenye imeli ya mwenye nyumba ya wageni. Nani amlipue mama wa Shela diski yake? Faida iko wapi? Utakachokutana nacho ni binamu yake mpole: programu ndogo iliyonenepeshwa kwa sifuri. Kirusi chenyewe ni MB moja, mwovu anakiongezea sifuri mpaka kifike MB 700, kisha anakibana. Sifuri zinabanika hadi kuwa karibu na hewa, kwa hiyo imeli inabaki nyepesi. Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu antivairasi nyingi, ili zisicheleweshe kompyuta, huruka mafaili makubwa mno. Genge la Emotet lilifanya hivyo Machi 2023 kwa nyaraka za Word zilizovimba kupita MB 500. Faili lako ni la MB 1.1 na lina paswadi, na ndiyo maana nimelitia hili, likitokea usishangae.

Paswadi yenyewe nayo ina habari. Kufuli ambalo ufunguo wake umefungwa kwa uzi hapo hapo mlangoni halimzuii mwizi. Linamzuia askari, ambaye hapa ni kichujio cha imeli, maana hakisomi barua kutafuta paswadi kama mama anavyosoma. Wakala wa kweli wa Malindi anayetuma orodha ya wageni hana sababu ya kuifunga kisha akatupa ufunguo humo humo.

Haya, nyumba ya kufanyia kazi. Usiifanye kwenye kompyuta yoyote ya wateja, wala ile yenye printa. Virusi vya siku hizi mara nyingi havikufutii kitu wala havikutishi. Vinabeba paswadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuondoka kimya. Nawe unajua saiba ina nini kwenye vivinjari vyake: eCitizen ya huyu, iTax ya yule, imeli za nusu ya mtaa. Tafuta laptopu ya peke yake, hata kuukuu, mradi ina RAM ya GB 8. Iwekee VirtualBox, ambayo ni ya bure, na ndani yake utengeneze kompyuta pepe ya Linux, yaani kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Kuna REMnux, Linux aliyoianzisha Lenny Zeltser mwaka 2010 kwa kazi hii hasa, lakini kuipakua kunakula bando. Kwa hatua uliyopo Debian, Linux ya kawaida, yenye 7-Zip inakutosha.

Kwa nini Linux? Kwa sababu kilichomo karibu hakika kimeandikiwa Windows. Ni kama lori lililoshushwa gatini Amu: injini nzima, dereva yupo, lakini litapita kichochoro gani? .exe, .scr na .lnk zikitua kwenye Linux ni baiti tu za kusomwa. Kuna virusi vya Linux pia, ndiyo, ila mwovu anayemwandikia mwenye nyumba ya wageni hamtegei huko.

Kwenye mipangilio ya kompyuta pepe, zima folda za pamoja, zima ubao wa kunakili wa pamoja, zima kuburuta mafaili kati ya ndani na nje, na ukate kebo yake ya mtandao. Kisha hifadhi hali yake ilivyo, ili ukimaliza uirudishe nyuma kama hukuwahi kufanya kitu. Flashi ya mama uichomeke ukiwa umeshaiambia VirtualBox iipeleke moja kwa moja ndani, laptopu yenyewe isiifungue. Ipake rangi ya kucha nyekundu hiyo flashi. Nasema kweli. Flashi nyeusi kumi mezani zinafanana, na itakuja siku mteja ana haraka ya kuchapisha barua.

Jambo moja kuhusu flashi ambalo wengi hawalijui. Windows huzipiga alama faili zilizotoka mtandaoni, na alama hiyo ndiyo inayoifanya iulize "una hakika?" kabla ya kuendesha. Alama inakaa kwenye diski za mfumo wa NTFS tu. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, kwa hiyo faili likipita kwenye flashi, alama imedondoka baharini. Faili la mama likifika kwenye Windows yako kutoka kwenye flashi, Windows inaliona kama la nyumbani.

Ukishakuwa ndani, nakili faili na ulipe jina lisilo na mvuto, sampuli.bin, ili hakuna kitu kitakachojaribu kulifungua kwa mazoea. Kisha tengeneza sinia la kufungulia:

sudo mkdir /mnt/sinia
sudo mount -t tmpfs -o size=2G,noexec,nosuid,nodev tmpfs /mnt/sinia

Hilo ni eneo lililokatwa kwenye RAM, lenye mwisho wa GB 2. Bomu likilipuka humo linajaza sinia na kugota, diski haijui. Ile noexec inazuia kuendesha programu moja kwa moja kutoka humo, ingawa haizuii mtu kuiita Python isome skripti iliyopo, kwa hiyo usiifanye ndiyo ngao yako. Na kwa kuwa ni RAM, laptopu ikizimika, kila kitu kimetoweka. Kwa stima yetu hii, na betri ya laptopu kuukuu, liweke akilini.

Sasa soma bila kufungua:

sha256sum sampuli.bin
file sampuli.bin
7z l -slt sampuli.bin > orodha.txt

Amri ya kwanza inakupa hashi, alama ya kidole ya faili. Iandike kwenye daftari. Ya pili inasoma baiti za mwanzo bila kujali jina. RAR inaanza na "Rar!", zipu inaanza na "PK", herufi za Phil Katz aliyeileta zipu mwaka 1989. Ikikwambia kwamba hiyo "rar" ni programu ya Windows, basi umeshapata jibu la nusu ya swali lako. Ikisema zipu, iorodheshe pia kwa zipinfo, kwa sababu orodha ya zipu inakaa mwishoni mwa faili na programu mbili zinaweza kuisoma tofauti. Zikitofautiana, kuna mkono wa mtu hapo. Ya tatu ndiyo kiini cha kazi. Kwenye mifumo mingine amri inaitwa 7zz, na ikikataa RAR weka unrar. Ikiomba paswadi kabla hata ya kuorodhesha, maana yake majina nayo yamefungwa. Mpe ile 2025.

Faili lako silioni, ila orodha za namna hii huwa na sura kama hii:

Path = Lista_ospiti.pdf                    .scr
Size = 734003200
Packed Size = 1126400
Encrypted = +

Isome polepole kama unavyosoma hati ya kiwanja. Mstari wa kwanza: jina, nafasi tupu, na ule mkia wa .scr. Wa pili na wa tatu: MB 700 zimetoka kwenye MB 1.1. Gawanya; ni zaidi ya 650 kwa moja. PDF ya wageni ndani yake tayari imebanwa, ukiibana tena labda inapungua kidogo sana. Kinachopungua mara 650 ni sifuri. Hapo hujafungua kitu, hujahatarisha kitu, na tayari unaweza kumpigia mama simu. Mimi, tukisema ukweli, kazi nyingi za aina hii naziishia hapa.

Lakini wewe unajifunza, kwa hiyo endelea:

ulimit -f 1048576
7z e -aou -p2025 -o/mnt/sinia sampuli.bin

Mstari wa kwanza unakataza faili lolote moja kupita GB 1. Katika wa pili nimetumia e, sikutumia x. Herufi x inatii folda zilizoandikwa kwenye kifurushi; e inamwaga kila kitu kwenye sinia moja na kuzipuuza njia, na -aou inabadilisha majina yanayogongana badala ya kufuta moja juu ya jingine. Unapoteza mpangilio wa folda, lakini mpangilio unao kwenye orodha.txt. Ukikuta kifurushi kingine ndani, usikifungue kwa mkumbo. Kirudishe mwanzo wa safari: hashi, file, orodha, ndipo sinia. Kumbuka kwamba .docx, .xlsx na hata .apk za simu ni zipu zilizovaa nguo nyingine, zote unaweza kuziorodhesha hivyo hivyo.

Usiipakie sampuli VirusTotal kwanza, ile tovuti inayokagua mafaili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Tafuta hashi kwa kompyuta nyingine. Kama wamewahi kuliona, utapata majibu bila kutoa kitu. Ukilipakia, wateja wanaolipia huduma ile wanaweza kulipakua, na ikitokea kwamba ni orodha ya kweli yenye pasipoti za wageni, umezianika, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitakuuliza nia yako ilikuwa nini. Kumbuka pia kwamba faili lililonenepeshwa linabadilika hashi kwa sifuri moja tu ya ziada, kwa hiyo "halijulikani" haimaanishi "ni safi". Tena VirusTotal inaishia MB 650.

Ukitaka kuitunza sampuli, ifunge upya kwenye zipu yenye paswadi infected. Ni desturi ya wachambuzi dunia nzima, na haikusudiwi kuwa siri. Inazuia mtu kubofya kwa bahati mbaya na inazuia antivairasi kukufutia ushahidi. Hili nalijua kwa kuungua. Miaka iliyopita nilifungua sampuli ya mteja kwenye folda ya laptopu yangu ya kazi, nikasahau kwamba folda ile ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya wingu ya ofisi. Nilipomaliza chai, sampuli ilikuwa kwenye kompyuta nne. Antivairasi ya mojawapo ikaikamata na kuifuta, na kwa kuwa folda ni moja, ikafutika kote, hata kwangu. Hakuna aliyeambukizwa, alhamdulillahi, lakini nikabaki bila sampuli, na mteja alikuwa ameshaifuta imeli. Ilinibidi nimwandikie barua ya kueleza kwa nini sina cha kumwonyesha.

Sasa lile neno lako, "au ndivyo anavyosema". Muulize tena, kwa upole na faraghani, na umuulize pia nani mwingine anaingia kwenye imeli ile: kijana wa mapokezi, mtoto wake aliye Mombasa. Kama kuna yeyote aliyebofya kwenye Windows, mashine hiyo itolewe kwenye Wi-Fi sasa hivi, na paswadi zibadilishwe kutoka kwenye kifaa kingine, imeli kwanza, benki ya pili, kisha kurasa za kukodishia vyumba. Naye ampigie yule wakala wa Malindi kwa namba aliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa chini ya imeli, maana huenda sanduku la imeli lililoibiwa ni la wakala. Akikiri hivyo, taarifa ipelekwe KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, walio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Ukimaliza nitumie orodha.txt na ile hashi. Faili lenyewe usinitumie kwa WhatsApp.